Mstari Ulioshuka

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 6 Agosti 2007, saa nane na dakika 48, vipimatetemeko vilivyotawanyika katika jimbo la Utah, Marekani, vilichora mtikisiko wa ukubwa wa 3.9. Mtikisiko wa kiasi hicho, ukiwa mbali nao kidogo, hauangushi hata kikombe mezani. Lakini chini ya mlima, ndani ya mgodi wa makaa ya mawe wa Crandall Canyon, wachimbaji sita walikuwa zamu, na njia ya kutokea ilikuwa imejaa kifusi. Siku hizo hizo mmoja wa wenye mgodi alisimama mbele ya kamera akasisitiza kwamba tetemeko la ardhi ndilo lililouangusha mgodi. Kwa lugha ya kwetu: Mungu kaleta, binadamu afanye nini?

Wataalamu wa matetemeko wa Chuo Kikuu cha Utah waliitazama mistari yao wakasema sivyo. Hapakuwa na tetemeko lililoangusha mgodi. Kuanguka kwa mgodi ndiko kulikokuwa tetemeko.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni udogo wa ushahidi wenyewe. Watu sita wako chini ya mlima, familia zinasubiri habari, mawakili wameshaanza kunoa kalamu, na jibu la swali la nani alaumiwe limejificha ndani ya sehemu ya sekunde: ule mchoro wa kwanza kabisa, pale mstari ulionyooka unapoacha kunyooka. Ulipanda au ulishuka? Katika kila kituo ambako mwanzo huo ulisomeka wazi, mstari ulishuka.

Ufundi wa kutafsiri kushuka huko waweza kuelezwa kwa viganja viwili. Viweke kimoja juu ya kingine, kisha visugue, kimoja kiende mbele na kingine kirudi nyuma. Hilo ni tetemeko la kawaida: miamba miwili inateleza kwenye ufa, na kwa hiyo walio upande mmoja wanasukumwa na walio upande mwingine wanavutwa. Vituo vilivyouzunguka ufa huo vitagawanyika. Baadhi vitaona mstari ukipanda, vingine ukishuka. Sasa fumba ngumi, kisha ifumbue vidole vyote kwa mkupuo mmoja. Hilo ni bomu. Mwamba unasukumwa nje pande zote, na mstari unapanda kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Mwisho fanya kinyume chake, kiganja kilicho wazi kifumbe ghafla. Hilo ni paa la mgodi linaloshuka. Mwamba wa pande zote unavutwa kuelekea palipokuwa na uwazi, na mstari unashuka kila mahali.

Mtoto wa darasa la sita atayaelewa hayo. Kazi inaanza pale unapolazimika kuuona huo mwanzo.

Ardhi haina siku inayokaa kimya. Mawimbi ya bahari yanapogongana huko baharini, sakafu ya dunia inapokea kipigo kila baada ya sekunde chache, na kipigo hicho kinasafiri hadi katikati ya mabara. Upepo unatikisa miti, miti inatikisa mizizi. Lori linapita, ng'ombe wanapita, pampu ya maji inawashwa. Juu ya mtetemo huo usiokoma ndipo panapokuja ujumbe kutoka mbali, mdogo, umechakaa kwa safari ya maelfu ya kilomita. Mchambuzi anatakiwa aseme: ni hapa, sehemu hii ya kumi ya sekunde, ndipo ulipoingia.

Yeyote aliyechuja tui anajua mtego uliopo. Kitambaa kikiwa wazi sana, machicha yanapita. Kikikaza sana, unabaki na maji meupe yasiyo na ladha. Mchambuzi naye anachuja. Anaondoa mitetemo ya polepole ya bahari ili aone ile ya haraka iliyofichwa nyuma yake. Lakini akikaza chujio kupita kiasi, chujio lenyewe linaanza kuchora. Linaweza kutanguliza kijimawimbi kidogo mbele ya wimbi la kweli, kitu ambacho ardhi haikukifanya, na mtu asiye na uzoefu akaweka alama hapo. Au lile wimbi la kwanza, dogo, lililopanda, linamezwa na kelele, na jicho linalikamata la pili, kubwa, linaloshuka. Kwa kosa hilo moja bomu limegeuka kuwa mgodi ulioporomoka. Ndiyo maana fundi mzuri anarudi kwenye mstari mbichi usiochujwa, anaukuza, anaupunguza, anaulinganisha na wa kituo jirani, anarudi tena.

Kuna desturi moja ndogo katika kazi hii ninayoipenda kuliko zote. Wachambuzi wa mitetemo wana alama ya mwanzo mkali, unaopiga kama mlango uliofungwa kwa hasira, na alama nyingine ya mwanzo unaonyemelea, ambao hujui hasa umeanza lini. Na penye nafasi ya kuandika kama mstari ulipanda au ulishuka, wanaruhusiwa kuacha wazi. Mchambuzi mwenye majivuno hujaza kila nafasi. Aliyekomaa huacha nyingi tupu, na zile chache alizojaza unaweza kuziegemea.

Kwa Crandall Canyon, jambo halikuishia kwenye mchoro wa kwanza. Sean Ford na Douglas Dreger wa Berkeley pamoja na William Walter wa maabara ya Lawrence Livermore waliuchukua mtetemo mzima, wakauliza: ni mwendo gani wa mwamba ungezaa mistari hii yote kwa pamoja? Jibu lilikuwa kama ufa mpana uliolala chali na kufumba, juu kukutana na chini. Matokeo hayo yalitoka katika jarida la Science mwaka 2008. Tazama hilo jina la Lawrence Livermore. Ni maabara iliyojengwa kwa ajili ya silaha za nyuklia. Hesabu iliyosema ukweli kuhusu mgodi wa makaa ya mawe ilikuwa imenolewa kwa ajili ya kuwakamata wanaolipua mabomu kwa siri. Ford na wenzake walipanga kwenye mchoro mmoja milipuko 17 ya nyuklia ya Nevada, matetemeko 12 ya jirani na eneo hilo, na maporomoko matatu, na yakajitenga yenyewe katika makundi matatu, kama wageni wa harusi wanaojua upande wa bwana harusi ni upi.

Mojawapo ya maporomoko yanayotajwa sana katika fani hii lilitokea asubuhi ya tarehe 3 Februari 1995 huko Wyoming, karibu na mji wa Green River. Kilichokuwa kikichimbwa pale ni magadi. Ndiyo, magadi haya haya tunayotia kwenye maharage yalainike, ndugu wa yale yanayokwanguliwa katika Ziwa Magadi kusini mwa Kenya. Tofauti ni kwamba ya Wyoming yamelala chini ya ardhi mita mia nne na zaidi, katika tabaka lenye unene wa mita tatu hivi, na wachimbaji wanayatoa kwa kuacha nguzo za magadi yenyewe zishikilie paa. Siku hiyo nguzo moja ilishindwa, mzigo wake ukahamia kwa jirani, naye akashindwa, na ndani ya muda mfupi eneo la takriban kilomita 1 kwa 2 lilikuwa limekaa chini. Mchimbaji mmoja alikufa. Ukubwa wa mtikisiko ulipita 5, sawa na bomu la nyuklia la kutosha kuamsha wizara kadhaa za mambo ya nje.

Tukio la namna hii humtesa mchambuzi kwa sababu halina kina. Matetemeko mengi ya kweli hutokea kilomita nyingi chini, mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kuchimba na kutega bomu. Ukishathibitisha kina cha kilomita 20 umemaliza kazi, unaweza kwenda kunywa chai. Mgodi ukiporomoka, uko pale pale bomu lingekuwa, mita mia chache kutoka kwenye nyasi. Kwa hiyo njia ya mkato imefungwa, na unarudi kwenye swali la zamani, kama mstari umepanda au umeshuka.

Mgodi unaolipua ni kesi nyingine kabisa, kwa kuwa mlipuko wa baruti nao ni mlipuko. Unasukuma nje pande zote, mstari unapanda kila mahali. Kipimo kingine mashuhuri cha fani hii kinalinganisha wimbi la kwanza, lile la kusukuma, na wimbi la pili linalokuja nyuma yake likitikisa mwamba kiubavu. Tetemeko, kwa kuwa ni msuguano, hutoa mengi ya hayo ya ubavuni, na bomu hutoa machache. Hapo baruti ya mgodini husimama upande mmoja na bomu, na kipimo hakikusaidii.

Kinachosaidia ni tabia ya mafundi wa baruti wenyewe. Mgodi mkubwa wa wazi, uwe Geita au Wyoming, haulipuliwi kwa mkupuo. Matundu huchimbwa kwa safu, hujazwa baruti, kisha huwashwa moja baada ya jingine kwa kupishana milisekunde chache, tuseme 25. Safu ya mbele ikitoka inaipa ya nyuma nafasi ya kuangukia, mwamba unakatika vizuri zaidi, na nyumba za jirani hazipati nyufa. Sikio linasikia ngurumo moja ndefu. Kipimatetemeko kinasikia ngoma: pigo kila milisekunde 25, yaani mapigo 40 kwa sekunde. Ukiupanga mtetemo huo katika picha ya rangi inayoonyesha kasi ya kila mtikisiko kadiri muda unavyokwenda, unaona michirizi iliyonyooka, imepangana sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho kama pindo la kikoi. Bomu la nyuklia humaliza kazi yake ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde. Halina pindo.

Wala usidhani pindo hilo huja safi kila siku. Fyuzi za zamani huwaka mapema au huchelewa, na michirizi inachanganyika. Vilevile tabaka za ardhi zinaweza kurudisha mwangwi na kuchora michirizi mahali pasipo na safu ya baruti. Na kuna machimbo yanayolipua tundu zote pamoja. Hapo mchambuzi anabaki na nyenzo ya kale kuliko kompyuta, ambayo ni kumjua jirani yake.

Katika nyumba za kwetu mwenyeji hahitaji kuuliza ni nani anayepiga hodi. Huyu hugonga mara mbili na kukohoa, yule huanza kusalimia angali uwanjani. Wanorwei wa kituo cha NORSAR, pale Kjeller karibu na Oslo, walifikia kiwango hicho kwa migodi ya Urusi. Katika ncha ya kaskazini ya nchi yao wana kundi la vipimatetemeko liitwalo ARCES, na ng'ambo ya mpaka, katika rasi ya Kola, kuna migodi mikubwa inayolipua miaka nenda miaka rudi. Mlipuko wa leo ukitoka shimo lile lile la jana hupita njia ile ile chini ya ardhi, na mstari wake hufanana na wa jana kama mapacha. Frode Ringdal na wenzake waliligeuza jambo hilo kuwa hesabu: hifadhi mstari wa zamani, uburuze juu ya rekodi mpya sekunde kwa sekunde, na pale vitakapolingana, hata kama mtikisiko umezama ndani ya kelele, jirani amepiga hodi. Wanajua mgodi upi hulipua siku gani na mchana saa ngapi. Ukiwa na orodha ya namna hiyo, mgeni hujitokeza mwenyewe.

Asiye na subira huona mgeni penye mwenyeji. Tarehe 16 Agosti 1997 mtikisiko mdogo ulisomwa upande wa Novaya Zemlya, visiwa ambako Wasovieti walikuwa wakijaribu mabomu yao. Kabla mwezi haujaisha, magazeti ya Marekani yalikuwa yakinukuu maofisa wanaoshuku kwamba Urusi imejaribu bomu, mwaka mmoja tu baada ya kutia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio hayo. Wachambuzi waliendelea kukokotoa. Tukio likasogea na kusogea kwenye ramani hadi likatua chini ya Bahari ya Kara, kilomita 130 hivi kutoka eneo la majaribio, mahali pa maji matupu. Lilikuwa tetemeko.

Mtandao wa dunia wa mkataba huo, uliofunguliwa kwa saini tarehe 24 Septemba 1996, umepangiwa vituo 50 vikuu vya mitetemo na 120 vya kusaidia. Kimoja cha vile vikuu kiko Kilimambogo, ule mlima unaouona ukiwa Thika, na kimoja cha kusaidia kiko Mbarara nchini Uganda. Cha Dar es Salaam kina kazi nyingine: kunusa hewa kutafuta chembe za mionzi. Data zote hukusanyika Vienna, ambako mashine hutangulia kuunganisha mawimbi na matukio, kisha watu hukaa na kusahihisha. Mashine hiyo ni hodari lakini ina uzushi. Hulichukua wimbi la tetemeko la Fiji na la mgodi wa Urusi ikazaa tukio la tatu lisilokuwepo. Mchambuzi anafuta, anaongeza, anasogeza alama kwa sehemu ya sekunde. Zamu inaisha, mwingine anakaa.

Kuna siku moja ambapo somo lote hili lilikuja likiwa limefungwa pamoja. Tarehe 3 Septemba 2017, saa 12 na nusu asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, Korea Kaskazini ililipua bomu lake la sita chini ya mlima Mantap. Vienna ilisoma ukubwa wa 6.1. Dakika 8 na nusu baadaye, mahali pale pale, ukaja mtikisiko wa pili, mdogo zaidi. Bomu la pili? Tetemeko lililoamshwa na la kwanza? Wachambuzi waliusoma kama kuporomoka: uwazi ulioachwa na bomu ulishindwa kulibeba paa lake, kama ule mgodi wa magadi. Kiganja kilifumbuliwa, kisha kikafumba. Tarehe 23 mwezi huo huo ukatokea mtikisiko mwingine jirani, wa ukubwa wa zaidi ya 3, na taarifa ya kwanza ya Wachina ikasema huenda ni mlipuko. Baadaye wakaisahihisha wenyewe hadharani: si mlipuko. Sijui kazi nyingine nyingi ambamo serikali inakubali kurekebishwa na mstari wa upana wa unywele.

Anayetaka kudanganya naye ana ufundi wake. Mwaka 1964 Wamarekani walilipua bomu la kilotani 5.3 ndani ya chumvi ya Mississippi, na miaka miwili baadaye wakalipua jingine dogo ndani ya pango lililoachwa na lile la kwanza. Mtikisiko wa pili ulififia kwa mara 70 hivi kuliko ambavyo ungekuwa kama bomu lingebanwa na mwamba. Basi, wenye shaka husema, mtu anaweza kuchonga pango, akalipua wakati jirani mwenye mgodi analipua, akajificha ndani ya ngurumo yake. Kwa karatasi inawezekana. Lakini huyo mtu atalazimika kuchonga pango bila setilaiti kuona chumvi inakotupwa, kupangilia saa yake na saa ya fundi wa baruti, na kuzuia gesi ya zenoni isipenye hata ufa mmoja, kwa kuwa baruti haitoi zenoni. Hapo napo pana kelele za kila siku: viwanda vinavyotengeneza dawa za mionzi za hospitali hutoa gesi ile ile, na wanusaji wa hewa wanalazimika kuwajua majirani wao kama Wanorwei wanavyoijua Kola.

Na baada ya yote hayo, ofisi ya Vienna haitamki neno bomu. Inatoa orodha: mahali, saa, kina, ukubwa, vipimo. Yale yanayoonekana wazi kuwa ya asili huchujwa na kuwekwa kando. Yaliyobaki hukabidhiwa nchi wanachama, na hukumu ni yao. Wengine huona huo ni woga wa kidiplomasia. Mimi naona ni ile ile nafasi iliyoachwa wazi kwenye fomu ya mchambuzi.

Huko Crandall Canyon waokoaji walichimba kuelekea kwa wale sita. Jioni ya tarehe 16 Agosti ukuta wa mgodi ulipasuka tena ukawaua watatu kati ya waokoaji hao, na uchimbaji wa chini ukasimamishwa. Mashimo yaliyotobolewa kutoka juu ya mlima hayakuleta dalili yoyote ya uhai. Miili ya wale wachimbaji sita haikutolewa. Bado imo ndani ya mlima. Saa zao hazikuokotwa, wala hakuna kati yao aliyebaki hai wa kusimulia. Kinachojulikana kuhusu dakika ile ya saa nane usiku kimo katika rekodi za vituo vya jangwani na milimani, kila kimoja na mstari wake, na kila mstari ukianza kwa kushuka.